Hukumu Ipi Bado ni Sheria? Utafiti wa Kisheria Mtandaoni na Migogoro ya Ardhi ya Karagwe na Kyerwa

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizo katika pembe ya kaskazini magharibi ya Mkoa wa Kagera, huishi kwa migomba, kahawa, maharage na mifugo, na kwa hiyo si ajabu kwamba mashauri mengi yanayopanda kutoka huko hadi Mahakama Kuu, Masjala ya Bukoba, yanahusu kibanja: mpaka uliosogezwa, shamba la ukoo lililouzwa bila wanandugu kushirikishwa, urithi wa mjane, au eneo lililogawiwa watu wawili. Kwa miaka mingi mkazi wa Kayanga au Nkwenda aliyetaka kujua majaji wamesema nini juu ya mgogoro unaofanana na wake alilazimika kusafiri zaidi ya kilometa 100 hadi Bukoba, amtafute wakili, na aombe Mungu wakili huyo awe na juzuu husika ya ripoti za sheria. Leo sehemu kubwa ya hukumu za mahakama za juu husomeka kwenye simu bila malipo, isipokuwa gharama ya bando.

Ni rahisi kudhani kwamba kwa hatua hiyo tatizo limekwisha. Lililopungua ni tatizo la kuyafikia maandishi, ilhali tatizo la kujua ni maandishi yapi bado yana nguvu ya sheria limeongezeka, kwa kuwa hifadhi ya mtandaoni huweka hukumu ya mwaka 1990 na ya mwaka jana katika orodha moja, kwa herufi za ukubwa mmoja, bila kumwonya msomaji kwamba kati yake sheria imebadilishwa mara tatu. Mtu hunufaika na hifadhi hizi kwa kadiri anavyozoea kuuliza kila andiko maswali matatu: limetolewa na nani, lilitolewa lini, na baada yake kilifuata nini.

Hifadhi zilizopo

Wazo la kuweka sheria mtandaoni kwa kila mtu lilianza Marekani mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Cornell kilipoanzisha taasisi ya habari za kisheria, likafuatwa na Australia mwaka 1995 kwa hifadhi ya AustLII, na mwaka 2002 taasisi za namna hiyo zilikubaliana huko Montreal juu ya tamko linalosema kwamba habari za kisheria za umma ni urithi wa wote na hazina budi kupatikana bure. Barani Afrika mtandao wa AfricanLII, wenye makao yake Chuo Kikuu cha Cape Town, umesaidia nchi nyingi kujenga hifadhi zao. Tanzania ina TanzLII, inayoendeshwa na Mahakama ya Tanzania. Uganda ina ULII. Na Kenya ina Kenya Law, inayosimamiwa na baraza la taifa la utoaji wa ripoti za sheria. Sheria zilizotungwa na miswada ya Tanzania hupatikana pia katika tovuti ya Bunge.

Kwa mtafiti wa Karagwe, TanzLII ndiyo ya kuanzia, na jambo la kwanza la kuelewa ndani yake ni namba ya rejea isiyotegemea kitabu chochote. Namba hiyo huanza na mwaka ndani ya mabano ya mraba, ikafuatiwa na herufi za nchi na mahakama, kisha namba ya hukumu: TZCA ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, TZHC ni Mahakama Kuu, na divisheni za Mahakama Kuu zina herufi zake za ziada. Kwa kutazama herufi hizo tu, kabla ya kufungua ukurasa, msomaji amekwisha kujua nusu ya jibu la swali la nani amesema, kwa maana uamuzi wa Mahakama ya Rufani huzifunga mahakama zote zilizo chini yake, ilhali uamuzi wa jaji mmoja wa Mahakama Kuu humshawishi jaji mwenzake bila kumlazimisha. Pale maamuzi mawili ya Mahakama ya Rufani yanapopingana, mahakama hiyo imekwisha kueleza kwamba la karibuni ndilo la kufuatwa.

Hifadhi za majirani nazo zina kazi. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai na ile ya ushahidi zilirithiwa kwa sehemu kubwa kutoka India wakati wa ukoloni, nchini Tanzania kama ilivyokuwa Kenya na Uganda, na hadi mwaka 1977 nchi hizi tatu zilikuwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kwa pamoja. Hukumu ya Nairobi au Kampala juu ya kifungu kinachofanana inaweza kumsaidia jaji wa Bukoba pale ambapo Tanzania haina uamuzi, lakini hiyo ni hoja ya kushawishi tu, na kuitanguliza mbele ya uamuzi wa Dodoma au Dar es Salaam ni kulidhoofisha shauri.

Yasiyoonekana katika hifadhi

Kila hifadhi ina upungufu wake, na asiyeujua hudhani kwamba asichokiona hakipo. Upungufu mkubwa zaidi kwa wilaya hizi mbili ni kwamba mashauri mengi huishia katika mahakama za mwanzo, mahakama za wilaya na mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya, ambayo maamuzi yake kwa sehemu kubwa hayawekwi mtandaoni. Kinachosomwa TanzLII ni migogoro iliyokatiwa rufaa, yaani migogoro ya watu waliokuwa na nauli, muda na ukaidi wa kufika Bukoba, na hata hiyo mara nyingi imeamuliwa kwa kasoro za utaratibu kabla ya kiini cha ugomvi kuguswa. Mtafiti anayehesabu hukumu hizo na kutoa hitimisho juu ya namna wajane wa Kyerwa wanavyotendewa atakuwa anapima kilele cha mlima na kukiita mlima wote.

Upungufu wa pili umefichwa katika majina ya mahali. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi ilipokuwa wilaya kamili mwaka 2012, hivyo shauri la zamani la Kaisho, Murongo, Mabira au Isingiro haliwezi kupatikana kwa kuandika neno Kyerwa. Litapatikana kwa jina la kijiji au kwa neno Karagwe. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, kwa hiyo mashauri ya miaka ya 1960 na 1970 yanayohusu mila za Wahaya na Wanyambo hayataji Kagera hata kidogo. Vilevile, anayechuja majibu kwa Masjala ya Bukoba peke yake atalikosa shauri maarufu kuliko yote juu ya ardhi ya ukoo katika mkoa huu, kwa sababu lilitokea Muleba lakini likaamuliwa Mwanza.

Upungufu wa tatu ni wa kiufundi. Hukumu zilizochapwa kwa mashine ya taipu na kupigwa picha huonekana kama maandishi machoni pa mtu, ilhali kwa programu ya kutafuta zinaweza kuwa picha tupu, au maandishi yenye makosa ya kusoma herufi. Neno lisipopatikana katika hukumu za namna hiyo, dawa ni kutafuta kwa majina ya wadaawa, namba ya rufaa na mwaka, kisha kuisoma hukumu kwa macho.

Sheria ina tarehe

Swali la lini ndilo linaloponza watu zaidi. Mfano ulio karibu na wananchi ni mabaraza ya kata. Kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, iliyotungwa mwaka 2002, baraza la kata liliweza kuamua mgogoro wa ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni tatu, na hukumu nyingi zilizomo TanzLII zinajadili mamlaka hayo kwa kirefu. Mwaka 2021 marekebisho ya sheria yaliyaondolea mabaraza hayo uwezo wa kuamua, yakayaachia kazi ya usuluhishi ndani ya siku 30, na yakaweka sharti kwamba baraza la ardhi na nyumba la wilaya lisipokee shauri kabla ya mgogoro kupita kwenye usuluhishi huo, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa. Msaidizi wa kisheria atakayesoma hukumu nzuri ya mwaka 2018 na kumwelekeza mkulima adai haki yake mbele ya baraza la kata atakuwa ameisoma vizuri sheria ambayo haipo tena.

Mfano wa pili ni rufaa ya ngazi ya juu. Hadi mwishoni mwa mwaka 2023, aliyeshindwa Mahakama Kuu katika shauri la ardhi lililoanzia katika baraza la wilaya alipaswa kuomba kibali kwanza ndipo aende Mahakama ya Rufani, na mamia ya kurasa yameandikwa juu ya vigezo vya kibali hicho. Sheria Na. 11 ya mwaka 2023 iliondoa sharti hilo. Kurasa hizo zimo hifadhini vilevile, na programu ya kutafuta huzileta mbele bila kusita kwa kuwa zina maneno aliyoandika mtafutaji.

Mfano wa tatu ni toleo la sheria. Sheria za Tanzania huunganishwa na marekebisho yake katika kile kinachoitwa toleo la urekebu. Lilikuwapo la mwaka 2002, baadhi ya sheria zikatolewa upya mwaka 2019, na Toleo la Urekebu la Mwaka 2023 lilizinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika Julai 1, 2025. Kwa kuwa katika baadhi ya sheria namba za vifungu zimesogea, kifungu kilichotajwa na jaji mwaka 2020 kinaweza kuwa na namba nyingine leo huku maneno yake yakiwa yale yale, au namba ikabaki huku maneno yamepunguzwa. Kwa hiyo kila kifungu kinachonukuliwa hakina budi kuandikwa pamoja na toleo lake, na kila kifungu kinachosomwa ndani ya hukumu ya zamani kifunguliwe upya katika toleo jipya kabla ya kutumiwa.

Mnyororo wa ardhi ya ukoo

Manufaa ya maswali yote matatu huonekana vizuri katika suala la mwanamke na ardhi ya ukoo. Mtu akianza na tangazo la serikali, atakuta Matangazo Na. 279 na Na. 436 ya mwaka 1963, ambayo ni amri za kutamka sheria za mila, na humo ataona kanuni inayomruhusu mwanamke kurithi lakini ikimzuia kuuza ardhi ya ukoo. Akiishia hapo atamwambia mjane kwamba hana la kufanya.

Akiendelea kutafuta, atafika kwenye lile shauri la Muleba lililotajwa juu, la Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory, lililoamuliwa na Jaji Mwalusanya mwaka 1990. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akafungua shauri, mahakama ya mwanzo ikabatilisha mauzo, mahakama ya wilaya ikatengua uamuzi huo, na Mahakama Kuu ikamwunga mkono mwanamke kwa hoja kwamba mila inayombagua inagongana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Wengi huinukuu hukumu hii kwa sentensi hiyo moja. Anayeisoma hadi mwisho hukuta kwamba jaji hakuufuta ukoo: alisema mwanaukoo anaweza kuikomboa ardhi iliyouzwa kwa mgeni bila ridhaa ya ukoo kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa, na kwamba kanuni hiyo sasa inamhusu muuzaji mwanamume na mwanamke sawasawa. Kwa familia ya Karagwe iliyo katikati ya ugomvi, sehemu hiyo isiyonukuliwa ndiyo yenye njia ya kumaliza shauri.

Kisha lije swali la kilichofuata. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilitamka, katika kifungu cha 20 kama ilivyotungwa, kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Hiyo inaipa hoja ya mwaka 1990 nguvu ya sheria ya Bunge. Hata hivyo, mwaka 2006 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam, katika shauri lililoletwa na wajane wawili dhidi ya kanuni za urithi za mwaka 1963, ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi lakini ikakataa kuzifuta, ikiona kwamba mila za jamii haziondolewi kwa kalamu ya mahakama. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania imekiuka wajibu wake kwa wajane hao. Hivyo picha kamili ina pande mbili: katika umiliki na uuzaji wa ardhi ya kijiji mwanamke ana sheria ya Bunge mkononi, ilhali katika mirathi inayoendeshwa kwa mila bado wapo watakaomsomea kanuni za mwaka 1963. Mtafiti pia hana budi kujiuliza kama kanuni iliyojadiliwa kuwa ya Wahaya ndiyo ya Wanyambo wa Karagwe, kwa sababu mila ni suala la kuthibitishwa kwa ushahidi wala haihami kutoka wilaya moja hadi nyingine kwa kufanana tu.

Mnyororo huo wa zaidi ya miaka hamsini hupatikana kwa kubofya mara chache, kwa kuwa ukurasa wa hukumu katika TanzLII huonyesha maandiko yaliyorejewa ndani yake na maandiko ya baadaye yaliyoirejea. Orodha hiyo ya pili ndiyo yenye thamani kubwa zaidi katika hifadhi nzima, ingawa ndiyo isiyofunguliwa na wengi, kwani humwonyesha msomaji mahali pa kuangalia kama hukumu imefuatwa, imetofautishwa au imekataliwa.

Namna ya kuuliza

Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa mashahidi walizungumza Kiswahili na pengine Kinyambo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na hukumu za Kiswahili zinaongezeka, lakini hazina ya miaka iliyopita haijabadilika. Anayeandika ardhi ya ukoo katika kisanduku cha kutafutia atapata sehemu ndogo, na akiandika pia clan land atapata iliyobaki. Na neno kibanja, ambalo majaji wengi hulitumia bila kulitafsiri, huleta mashauri ya Kagera moja kwa moja.

Utafutaji wenye tija huanza kwenye karatasi, kabla ya kugusa simu. Mgogoro uandikwe kwa sentensi moja yenye wadaawa, kitu kinachogombewa na kosa linalodaiwa, kisha maswali ya kisheria yatenganishwe: shauri lianzie wapi, lina ukomo wa muda gani, nani athibitishe nini. Kwa shamba lililovamiwa, kwa mfano, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, na swali hilo likijibiwa vibaya hakuna hukumu nzuri itakayoliokoa shauri. Baada ya hapo isomwe sheria, zifuate kanuni zake, na hukumu zije mwisho, kwa kuwa hukumu hueleza sheria iliyokuwapo siku ilipotolewa.

Kanuni ndizo zinazosahaulika zaidi, na hapo ndipo mashauri ya Karagwe yanapoangukia. Kanuni za mabaraza ya ardhi na nyumba za mwaka 2003, Tangazo la Serikali Na. 174, zinamtaka mleta maombi aeleze mahali ardhi ilipo kwa namna ya kuitambulisha. Katika vijiji ambavyo mashamba hayajapimwa, kuandika ekari mbili zilizopo Kijiji cha Nkwenda hakutoshi: huhitajika kitongoji, majirani wa pande zote nne, na alama kama mti, mfereji au barabara. Kanuni hizo hizo zinataka wazee wa baraza, yaani wajumbe wanaokaa na mwenyekiti, watoe maoni yao kwa maandishi, na Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Tubone Mwambeta dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, Na. 287 ya mwaka 2017, ilisisitiza kwamba maoni hayo yasomwe mbele ya wadaawa. Mwananchi aliyeyasoma haya kabla ya kufungua shauri hujiepusha na rufaa inayomrudisha mwanzo baada ya miaka ya kusubiri.

Programu za akili unde, ambazo sasa hujibu maswali ya sheria kwa Kiswahili safi, zinahitaji tahadhari ya peke yake. Mwaka 2023 huko New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu ambazo zilibuniwa na programu ya namna hiyo na hazikuwahi kuwapo. Programu hizo zinafaa kwa kufupisha hukumu ndefu ambayo mtu anayo mkononi, au kwa kupendekeza maneno ya kutafutia, lakini kila hukumu zinayoitaja haina budi kufunguliwa yenyewe hifadhini na kusomwa, na ambayo nakala yake haijaonekana isitumiwe.

Mzigo uko kwa nani

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu waliopata mafunzo ya msingi ya sheria bila kuwa mawakili, na katika wilaya zenye mawakili wachache hao ndio wanaopokea mgogoro ungali mbichi, pamoja na watendaji wa kata na wenye steshenari wanaowaandikia watu maombi yao. Mafunzo yao yakiishia kwenye kuonyeshwa anwani ya tovuti, watachota hukumu bila kujua zimepitwa na wakati. Yakiwafundisha kusoma herufi za mahakama, tarehe, toleo la sheria na orodha ya hukumu zilizofuata, mtu mmoja mwenye simu anaweza kuikinga kata nzima na mashauri yanayofunguliwa mahali pasipo na mamlaka. Redio ya jamii ya FADECO, iliyoko Karagwe, ingeweza kutangaza badiliko la sheria siku linapoanza kutumika, kabla ya watu kulipia fomu za utaratibu uliofutwa.

Kwa upande wa Mahakama, hatua yenye faida kubwa kwa wilaya hizi itakuwa kuweka mtandaoni maamuzi ya mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya na ya mahakama za chini, kwa kuficha majina pale familia na watoto wanapohusika, kwa sababu huko ndiko sheria ya kibanja inakoamuliwa kila juma. Hadi hapo, anayetumia hifadhi zilizopo anaweza kuzitegemea kujua Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinataka nini, na azichukulie kwa tahadhari kubwa anapotaka kujua kinachotendeka Kayanga.